Valvu ya 6V6 inaiva nyekundu baada ya dakika 20: kisa kizima cha amplifaya ya gitaa niliyojenga nyumbani

Mara ya kwanza nilidhani ni mwanga wa filamenti tu, ule waya mwembamba unaopasha valvu moto. Valvu yoyote ikiwaka ina ule mwanga wa chungwa katikati, hilo kila mtu aliyewahi kuona redio ya zamani analijua, kwahiyo nilikaa napiga gitaa bila wasiwasi mpaka taa ya sebuleni ikazimwa na mtu aliyekuwa anaenda kulala, na pale gizani ndo nikaona kwamba lile bati la kijivu lenyewe la 6V6, yaani anodi, lina doa jekundu ubavuni ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Nikakaa naliangalia kama sekunde kumi hivi linavyopanuka. Alafu nikazima.

Naandika kisa hiki chote kwa sababu kilinichukua wiki tano kukimaliza na katika hizo wiki tano nilibadilisha vitu vingi ambavyo havikuwa na kosa lolote, na kila kimoja nilichobadilisha kilinipa sababu ya kuamini nipo kwenye njia sahihi. Hilo ndo linaloniuma kuliko hela.

Kwanza amplifaya yenyewe. Nimejenga kwa mchoro wa 5F1, ndo ule wa Fender Champ, amplifaya ndogo kuliko zote walizokuwa wanatoa kule California miaka ya mwisho ya 1950 hadi katikati ya 1960. Jina lake lina maana, 5 ni muongo wa hamsini, F ni toleo la mchoro, 1 ndo namba ya Champ. Valvu tatu tu: 12AX7 mbele inayokuza sauti ya gitaa kwa hatua mbili, 6V6 nyuma inayosukuma spika, na 5Y3 inayogeuza umeme wa transfoma kuwa DC, yaani umeme wa mkondo mmoja. Inatoa kama wati 5. Mtu akisikia wati 5 anacheka, maana subwoofa za madukani zinaandikwa wati elfu na ushee, lakini hizi wati 5 zikipita kwenye spika ya inchi 8 ndani ya chumba jirani anakugongea ukuta. Na utamu wake ni kwamba ukiongeza volyumu inaanza kukwaruza taratibu, sauti inakuwa nene, ukipiga nyuzi polepole inarudi kuwa safi. Mimi nimekulia nyumba ambayo Jumapili ni dansi asubuhi mpaka jioni, NUTA Jazz, Morogoro Jazz, na ile sauti ya gitaa inayolia huku ina joto ndani yake nimeitafuta miaka kwenye amplifaya za transista sijaipata.

Vifaa nilivipata hivi. Chasisi nilikunjiwa bati la alumini na mafundi wa Gerezani, boksi ni mninga kutoka Keko, kitambaa cha mbele ya spika ni gunia la katani nililolifua mara tatu. Resista za kawaida Kariakoo zipo tele. Valvu siku hizi bado zinatengenezwa mpya, Slovakia, Urusi na China, kwahiyo hizo niliagiza pamoja na transfoma mbili, ya umeme na ya spika. Na kapasita mbili za 0.02 mikrofaradi, zile zinazopeleka sauti kutoka hatua moja kwenda nyingine, nilizitoa kwenye redio ya valvu ya marehemu babu yangu ambayo ilikuwa haiongei tangu mimi sijazaliwa. Ni za karatasi, zimezungushiwa nta, rangi ya kahawia kama sukari guru. Nilizichagua kwa moyo wote. Nilitaka kitu cha babu kiwe ndani ya amplifaya, na pia nilikuwa nimesoma watu wengi wakisema kapasita za zamani zina sauti tamu. Nilizipima kwa mita ya dijitali kabla ya kuzichomelea, moja ikasoma 0.022 nyingine 0.024. Nikaridhika kabisa.

Siku ya kuwasha nilifanya kama inavyotakiwa. Niliweka globu ya wati 60 mfululizo na waya wa moto ili kama kuna shoti globu iwake badala ya transfoma kuungua, nikawasha bila valvu, nikapima, nikaweka valvu, nikapima tena. Kulikuwa na mlio mkali kama filimbi, hiyo nilijua, ni waya mbili za transfoma ya spika zimepishana hivyo ile sauti inayorudishwa nyuma inaongeza badala ya kupunguza, nikazibadilisha mlio ukafa. Ngurumo kidogo ya filamenti nikaiua kwa resista mbili za ohmu 100 kila moja kwenda ethi. Kathodi ya 6V6, sehemu inayotoa elektroni kwenda anodi, ikasoma volti 20 juu ya resista ya ohmu 470. Kanuni ya Ohm inasema 20 gawanya kwa 470 ni miliampea 42 na nusu, toa kama 3 za skrini (gridi ya pili ndani ya valvu) zinabaki kama 39, zidisha kwa volti 318 zilizokuwepo kati ya anodi na kathodi unapata kama wati 12 na nusu. Karatasi za vipimo vya 6V6GT zinaruhusu wati 12 kwa hesabu za zamani na 14 kwa kipimo cha mwisho kabisa. Ipo juu kidogo lakini ipo ndani. Champ nyingi zinakimbizwa hivyo.

Kosa langu la kwanza lipo hapo hapo na sikuliona: vipimo vyote nilivichukua ndani ya dakika tano za kwanza.

Basi ulipotokea ule wekundu nikaanza kutafuta mchawi, na mchawi wa kwanza alikuwa umeme wa mtaani. Transfoma yangu imeandikwa 220. Nikapima kwenye soketi usiku ule, 243. Nikapima filamenti, badala ya 6.3 inasoma 6.96, na valvu nyingi zinataka usizidishe asilimia kumi ambayo ni 6.93. Mnaona ilivyokaa vizuri? Hesabu imekubali, umeme ni mwingi, volti kubwa ya anodi nayo imepanda, valvu inaungua. Nilikuwa na uhakika kabisa, na ukweli ni kwamba hilo lilikuwa tatizo la kweli na nilipaswa kulirekebisha, ila halikuwa ndo tatizo.

Nikatafuta transfoma ndogo ya volti 12, ampea 2, nikaiunga kinyume ili zile volti 12 zitoe kwenye umeme unaoingia badala ya kuongeza. (Kama unafanya hivi kumbuka upande wa volti 12 sasa umebeba umeme wa ukutani mzima, ufunikwe kama unavyofunika waya wa moto.) Zikabaki volti 230, filamenti ikashuka 6.6. Nikawasha, nikakaa mbele yake gizani na simu inahesabu dakika. Dakika 20 zikapita hamna kitu. 25, hamna. Nikaanza kufurahi. Dakika ya 35 doa likarudi pale pale.

Sasa hapa naomba uelewe akili inavyofanya kazi ukiwa peke yako usiku na kitu unachokipenda. Kutoka 20 kwenda 35 nilihesabu kama nimepata nusu ya dawa. Nikajiambia valvu yenyewe imeshaumia kwa zile siku za mwanzo. Nikaagiza 6V6 nyingine, nikasubiri wiki mbili na zaidi, ikaja, nikaichomeka, dakika ya 33 ikaiva. Valvu mpya kabisa kutoka kwenye boksi. Hapo angalau nilijua valvu haina kosa.

Dawa yangu ya tatu ndo ilikuwa mbaya kuliko zote kwa sababu ilifanya kazi. Nilitoa resista ya kathodi ya 470 nikaweka 680. Ukiongeza hiyo resista valvu inajibana zaidi, mkondo unapungua. Wekundu ukaondoka. Saa nzima gizani, hamna doa. Nikafunga boksi, nikaweka skrubu zote, nikapiga mpaka usiku wa manane.

Lakini sauti haikuwa sawa. Nusu saa ya kwanza tamu, baadaye inakuwa na ukungu, besi zinajaa matope, ukikaza volyumu inakwaruza vibaya kama spika imechanika. Nikailaumu spika. Siku ya nne nikafungua boksi ili niiangalie spika, na kwa bahati jicho likaangukia kwenye ile kapasita ndogo iliyo sambamba na resista ya kathodi, ya mikrofaradi 25, imeandikwa volti 25. Kichwa chake kilikuwa kimevimba kama maandazi. Kapasita ya volti 25 haivimbi kwa volti 20. Nikawasha, nikaweka mita kwenye kathodi na sikuiondoa. Mwanzo 24. Dakika kumi, 27. Dakika ishirini, 31. Dakika thelathini, 35.

Ile namba inayotembea ndo ilinitoa usingizini. Umeme wa mtaani ukiwa mwingi unakuwa mwingi tangu unawasha, haupandi polepole kama uji jikoni. Kuna kitu kilikuwa kinabadilika kadiri boksi linavyopata joto, na mimi kwa kuweka 680 nilikuwa nimefunika dalili tu huku ugonjwa unaendelea chini kwa chini.

Hapo ndo nikaibeba amplifaya kwenye kapu nikaenda kwa mzee mmoja anayetengeneza redio, yupo Temeke, amefanya kazi hiyo tangu kijana na sasa anakaa zaidi kwenye kiti kuliko kwenye meza. Nikamwamkia, nikamweleza kila kitu mwanzo mwisho, umeme, transfoma, valvu mpya, resista. Akanisikiliza bila kunikatiza. Alafu akauliza swali moja.

"Gridi inasoma ngapi, mwanangu?"

Nikamwambia gridi ni sifuri, mzee wangu, mchoro unasema ina resista ya 220 elfu kwenda ethi.

"Mchoro nimekuelewa. Nakuuliza gridi inasoma ngapi."

Sikuwa nimeipima. Wiki nne, sijaipima hata mara moja, kwa sababu kwenye karatasi haina volti.

Kwa asiyejua, gridi ndani ya valvu ni koki. Kathodi ikipata moto inatema elektroni, anodi yenye volti mia tatu inazivuta, na gridi ipo katikati kama wavu mwembamba. Ikiwa hasi kuliko kathodi inabana, ikiwa hasi kidogo tu inaachia. Kwenye Champ gridi inakaa sifuri na kathodi inainuliwa juu volti 20 na ile resista, kwahiyo gridi inaonekana hasi kwa 20. Chochote kinachoinua gridi kutoka sifuri kinafungua koki.

Mzee ana tasta ya mshale, ile ya mfuko wa ngozi. Aliniambia niirudishe kwanza resista ya 470, "tuione ikiwa uchi," na kapasita iliyovimba akanipa ya volti 63 kutoka kwenye kopo lake. Akaniambia nikae na mkono mmoja mfukoni. Tukawasha, tukasubiri huku tunakunywa kahawa. Mwanzoni mshale ulitikisika tu, karibu volti moja na nusu. Dakika ya thelathini mshale ulikuwa 12 na nusu. Mita yangu ya dijitali pale pale ikasema 14.7, kwa sababu yake haivuti mkondo sana, ya mshale kwenye kipimo cha volti 50 ina ohmu milioni moja tu na inaishusha kidogo yenyewe. Kathodi ilikuwa inasoma 30. Na doa jekundu hilo hapo, mchana kweupe, mzee aliliwekea kivuli cha kiganja ili alione.

Volti 14.7 kwenye resista ya 220 elfu ni kama maikroampea 67. Umeme huo mdogo hivyo, usioweza hata kuwasha taa ya rimoti, ulikuwa unatoka wapi? Sehemu pekee inayogusa gridi ni kapasita ya nta ya babu, na upande wake wa pili kuna anodi ya 12AX7 yenye volti 165. Kazi ya kapasita pale ni kupitisha sauti na kuzuia DC. Ilikuwa haizuii.

Mzee alinionyesha jinsi ya kuhakikisha na hili ningependa kila anayejenga alijue. Unazima, unasubiri, unamwaga chaji iliyobaki kwenye zile kapasita kubwa za umeme kwa resista (hazikuachi hai kwa huruma, volti 350 zinakaa mle hata ukiwa umechomoa waya ukutani). Unachomoa mguu wa kapasita ulio upande wa gridi, mguu mwingine unabaki kwenye anodi. Unawasha tena, unapima DC kati ya mguu huo ulioachwa hewani na ethi. Kapasita nzima itaonyesha karibu na sifuri. Ya babu ilionyesha 55 ikiwa ya baridi, na mzee alipoiwekea mashine ya kukaushia nywele ya binti yake kwa mbali, namba ikapanda mbele ya macho yetu, 70, 90, 118, ikasimama kwenye 135. Ukifanya hesabu, na mita yangu ina megaohmu 10, ile kapasita ikiwa moto ni sawa na resista ya megaohmu 2 na kidogo. Nilikuwa nimechomelea resista.

Na mita ilinidanganya vipi mwanzo? Haikudanganya. Inapima uwezo wa kapasita kwa volti chache sana, kapasita ikiwa ya baridi mezani, na kwa swali hilo jibu 0.024 lilikuwa sahihi. Haikuulizwa kama inahimili volti 165 ikiwa imelala sentimita mbili kutoka kwenye resista ya kathodi na karibu na 5Y3 ambayo ukiigusa inakuacha na malengelenge. Karatasi ya zamani imeshanyonya unyevu wa Dar miaka na miaka, ikipata joto inaanza kuvujisha, inavyovujisha 6V6 inavuta zaidi, boksi linapata joto zaidi, kapasita inavuja zaidi. Ndo maana namba ilikuwa inatembea. Ndo maana kupunguza umeme wa ukutani kulichelewesha mpaka dakika 35, boksi lilikuwa linachelewa tu kupata moto. Na 680 ilificha wekundu kwa sababu hata boksi likiwa moto kabisa mkondo ulikuwa kama miliampea 51, na hiyo inaangukia wati 13 na kidogo, chini ya 14. Kila dawa yangu ilikuwa na hesabu sahihi nyuma yake. Hilo nimelifikiria sana.

"Hizi za nta sisi tulikuwa tunabadilisha zote," mzee akasema, "redio ikija, kabla hata ya kuiwasha. Mwenye redio hajui, anaona valvu tu." Nikamuuliza vipi kuhusu sauti yake tamu wanayoisifia. Akaniambia nipige. Akachukua kapasita ya plastiki ya 0.022, volti 630, ile ya njano inayopatikana popote, akaichomelea mwenyewe, mkono wake unatetemeka kidogo mpaka ncha ya pasi inapogusa mguu wa kapasita, alafu unatulia kabisa. Nikapiga. Nimepiga saa nzima pale barazani kwake, nyimbo za baba, na watoto wa jirani wakaja kukaa kwenye ngazi. Sauti ilikuwa ile. Ukungu wote uliokuwa unakuja baada ya nusu saa haukuja, na nilitambua kwamba kitu nilichokuwa naita utamu wa zamani kwenye zile dakika za mwanzo kilikuwa ni mchoro wenyewe na 6V6, kapasita ya babu haikuwa imechangia chochote ila moto.

Baada ya saa: gridi 0.00, kathodi 19.6, anodi nyeusi kabisa gizani. Ile transfoma ndogo ya kupunguza umeme nimeiacha ibaki, filamenti kwenye 6.6 zitaishi zaidi. Kapasita ya pili ya babu, ile ya 0.022 iliyokuwa kwenye volyumu, nayo nikaitoa tukaipima kwa njia ile ile na ikaonyesha volti 40, nikaweka ya plastiki.

Mzee hakutaka hela. Alitaka redio. Nilipomwambia kapasita nilizitoa kwenye redio ya babu alinyamaza, akauliza ni redio gani, ipo wapi, kioo chake cha stesheni kimepasuka au kizima. Jumamosi nilimpelekea. Tumebadilisha kapasita tisa za nta, pamoja na mbili zile nilizoziacha mapengo, na kwa sasa inashika mawimbi ya kati lakini kwa sauti ndogo sana, valvu yake ya mwisho imechoka. Ameandika namba ya valvu hiyo kwenye kipande cha boksi la kiberiti nimeweka kwenye pochi, naitafuta.